Uhuru wetu ulianzia kwenye mizani ya pamba

SWALI lilitoka dawati la nyuma, darasani kwangu hapa Budondo, kilometa chache kaskazini mwa mji wa Jinja. Tulikuwa tumemaliza Majimaji ya Tanganyika, tukamaliza Mau Mau ya Kenya, na ubaoni nilikuwa nimeandika: Uganda, 9 Oktoba 1962. Binti mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wenzetu walipigana. Sisi tulipigana wapi?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo nimekua nalo. Nilisoma uhamishoni, ng'ambo ya Malaba, na katika vitabu vya huko Uganda ilipewa aya moja: Kabaka alipelekwa Uingereza, akarudishwa, kisha bendera ikapanda. Wenzangu darasani walikuwa na Dedan Kimathi. Mimi sikuwa na mtu wa kumtaja.

Hata leo, ukikaa kwenye foleni ya malori Malaba au Busia, utani ni ule ule. Uganda, wanasema, ilipewa uhuru kwenye sahani kama mgeni anavyoandaliwa matoke. Waliorejea nyumbani wanaujua utani huo, na wafanyabiashara wa mpakani wameshauzoea kiasi kwamba hawajibu tena.

Nilimwambia binti yule anipe wiki moja. Haya ndiyo niliyomjibu, kwa urefu ambao kipindi cha dakika 40 hakiruhusu.

Ratili na karani

Pamba ya biashara iliingia Uganda mwaka 1903 na 1904, na katika miaka michache ilikuwa imetapakaa Busoga, Bukedi na Teso. Serikali ya Kiingereza ilikuwa na sababu zake. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901 kwa gharama ya mamilioni ya pauni, na ilihitaji mzigo wa kubeba. Viwanda vya nguo vya Uingereza navyo vilitaka pamba isiyotoka Marekani.

Mkulima wa Busoga alikuwa na sababu moja tu: kodi. Kodi ya kibanda, na baadaye kodi ya kichwa, ilidaiwa kwa fedha taslimu. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake. Pamba ndiyo ilikuwa njia ya kuipata rupia hiyo.

Mwaka 1908, wakati wa Gavana Hesketh Bell, ilitungwa sheria ya pamba. Iliamuru mbegu za aina moja na ikaziondoa mashine ndogo za mkono za kuchambulia pamba. Sitaki kumwonea Bell: pamba ya Uganda ilikuwa imeanza kulalamikiwa sokoni kwa kuchanganywa aina. Lakini matokeo ya sheria ile yalidumu zaidi ya nusu karne. Mkulima Mwafrika alifungiwa nje ya kazi yenye faida. Kazi yake ikawa kulima, kuvuna, kubeba na kuuza. Kuchambua, kufunga marobota na kusafirisha kukawa kazi ya wenye jineri, yaani viwanda vya kuchambulia pamba. Wengi wao walikuwa Wahindi, na wachache Wazungu.

Mwaka 1933 serikali iliongeza kufuli jingine. Nchi iligawanywa kanda za pamba, na pamba ya kanda moja haikuruhusiwa kupelekwa kuuzwa kanda nyingine. Mfanyabiashara wa mpakani ataelewa upesi: ilikuwa inawezekana kufanya magendo bila kuvuka mpaka wa nchi yoyote. Ukisikia jineri ya kanda ya jirani inalipa vizuri zaidi, usikie tu na unyamaze.

Mzee mmoja jirani yangu alikuwa mtoto miaka ya 1940, na hunisimulia safari za kwenda jineri. Waliondoka alfajiri, baba na furushi kubwa, watoto na mafurushi madogo. Wakifika, karani alipekua pamba akaamua ipi safi na ipi fifi, na bei ya fifi ilikuwa ya kusikitisha. Kisha mzigo ulitundikwa kwenye mizani. Uso wa mizani ulimtazama karani, haukumtazama mwenye pamba. Karani alitaja ratili, akaandika, akahesabu senti.

"Baba hakujua kusoma," mzee huniambia, "lakini mzigo alioubeba kichwani tangu alfajiri aliujua uzito wake."

Nilipowasimulia wanafunzi hayo, niliwauliza: mkulima huyo alimchukia nani? Wote walijibu bila kusita: Mhindi wa mizani. Na ndivyo ilivyokuwa. Karani alionekana, na kidole chake kwenye mizani kilionekana. Sheria iliyomweka pale, na iliyomnyima mkulima haki ya kuuza kwingine, ilitiwa sahihi Entebbe. Sheria haina uso wa mtu kuutazama. Ilichukua miaka mingi hasira ile kutoka kwenye mizani hadi kufika Entebbe, na safari hiyo ndiyo historia yenyewe ya madai ya uhuru upande wetu huu wa mashariki.

Kakungulu alipita hapa

Huku kwetu Mwingereza hakufika kwanza na ngozi yake. Alifika na Semei Kakungulu, jemadari kutoka Buganda, aliyeiteka sehemu kubwa ya Bukedi tangu mwaka 1899 akiwa na bunduki, wafuasi na baraka za serikali. Mji wa Mbale ulikua kutokana na makao yake. Aliweka mawakala Baganda katika masaza na magombolola, na mtindo wa utawala wa Buganda ukawa mtindo wa watu ambao hawakuwahi kuwa na mfalme. Bagisu na Bagwere waliamkia kukuta mtu wa mbali, asiyejua lugha yao, akiwadai kodi na kuwaamulia kesi.

Waingereza walipoona amekuwa na nguvu mno, walimwondoa. Mwaka 1906 walimleta Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga, akakaa hadi 1913. Kakungulu mwenyewe aliishia kuwa mtu mwenye kinyongo na serikali aliyoitumikia. Alijiunga na Bamalaki, dini iliyokataa dawa za hospitali, na kufikia mwaka 1919 alikuwa ameanzisha karibu na Mbale jumuiya ya Kiyahudi ambayo ipo hadi leo. Alifariki mwaka 1928. Ukitaka kujua jinsi utawala ule ulivyoweza kumtumia mtu kisha ukamtupa, anza na yeye.

Busoga wakati huohuo ilikuwa katika msiba. Ugonjwa wa malale ulizuka mwanzoni mwa karne, na hadi mwaka 1906 zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamekufa kandokando ya ziwa upande wa Uganda. Kuanzia 1907 serikali iliwahamisha waliobaki kutoka ufukweni ili kuwatenga na mbung'o. Kitabibu, hatua ile iliokoa maisha. Lakini kwa mtu aliyeacha makaburi ya wazazi wake na shamba la ndizi, serikali ikawa ndiyo iliyomfukuza kwake.

Juu ya hayo kulikuwa na kazi za lazima. Luwalo ilikuwa kazi ya bure kila mwaka kwa barabara na majengo ya eneo. Kasanvu ilikuwa kazi ya lazima ya serikali kwa ujira mdogo, na ilifutwa mwaka 1922 baada ya kulalamikiwa sana. Vita ya kwanza ya dunia ikaongeza uchukuzi wa mizigo ya jeshi hadi Tanganyika. Wafanyabiashara wanaoshuka Dar es Salaam kununua nguo Kariakoo wajue kuwa jina lile limetokana na kikosi hicho cha wachukuzi, Carrier Corps.

Nani aliyegonga mlango kuwaita watu kwenye luwalo? Chifu. Nani aliyeandika majina ya kodi? Chifu. Serikali ilipowafanya machifu kuwa watumishi wa mshahara, chifu aliacha kumwogopa raia wake na akaanza kumwogopa mkuu wa wilaya. Miaka ya 1930 walijitokeza Busoga watu waliojiita Bataka, wenye ardhi wa asili kwa ukoo, wakidai mamlaka ya koo yaliyokuwa yamechukuliwa na machifu wa serikali. Dai lao halikuwa "Mwingereza aondoke". Dai lilikuwa "chifu huyu si wetu".

Mpaka ni wa juzi

Hapa naomba msomaji wa Malaba, Busia na Lwakhakha asogee karibu. Mpaka unaovuka kila siku ulichorwa mezani. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, Kisumu na hata Naivasha zilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda. Siku hiyo jimbo lote hilo lilihamishiwa upande unaoitwa sasa Kenya, ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Wasamia, Wateso na watu wa Mlima Elgon walilala nchi moja wakaamka mbili.

Mpaka huo haukuweza kuzuia malalamiko. Mtu wa kumtaja hapa ni Elijah Masinde wa Kimilili, Mbukusu, ambaye ujanani aliwahi kuichezea Kenya kandanda dhidi ya Uganda. Baadaye aliongoza Dini ya Msambwa, iliyowaambia watu warudi kwa mizimu ya mababu na kwamba Mzungu arudi kwao. Mwezi Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi na kuua watu 11. Baadaye Masinde alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, na hakuachiwa hadi mwaka 1961.

Malakisi ni mwendo mfupi kutoka Lwakhakha. Wabukusu na Bagisu ni ndugu wa jando moja. Yaliyosemwa Kimilili jioni yalikuwa Bududa keshoye, na serikali za pande zote mbili zililijua hilo vizuri kuliko vitabu vyangu vya shule.

Waliorudi kutoka vitani

Mwezi Januari 1945 ulitokea mgomo mkubwa wa wafanyakazi Uganda. Bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita na mishahara ilikuwa palepale. Mgomo ulianzia upande wa Kampala na Entebbe, ukaja mashariki hadi Jinja na Mbale kwa njia ya reli na barabara. Madereva wa magari, ambao walikuwa na chama chao tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, walikuwa kama gazeti linalotembea. Habari ililala Kampala ikaamka Tororo.

Mwaka huohuo Waafrika watatu waliingia kwa mara ya kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, baraza lililokuwa limeanza kukaa mwaka 1921 bila Mwafrika hata mmoja. Mmoja wa watatu hao alikuwa Yekoniya Zirabamuzale wa Busoga. Viti vitatu kwa nchi nzima.

Kisha wakarudi askari. Vijana wa King's African Rifles waliopigana Burma walikuwa wameona mengi: walikuwa wameona Mzungu akikimbia na Mhindi akidai nchi yake. Msomaji aliyewahi kurudi nyumbani baada ya miaka mingi anajua hali ile. Unarudi na macho mapya, unakuta chifu ni yuleyule, mizani ni ileile, na wote wanategemea uendelee kuwa yule uliyeondoka.

Fedha ya pamba nayo ilikuwa imeanza kuulizwa. Wakati wa vita serikali ya Uingereza ilinunua pamba yote kwa jumla, mkulima akalipwa bei ya chini kuliko ya soko la dunia, na tofauti ikawekwa katika mifuko ya serikali. Maelezo yalikuwa kwamba ni akiba ya kumlinda mkulima bei ikianguka, na baadaye ya miradi ya maendeleo. Mifuko ikajaa mamilioni ya pauni. Kwa mara ya kwanza dai halikuwa juu ya kidole cha karani. Mhindi wa jineri hakuwa na funguo za mifuko ile. Funguo zilikuwa Entebbe.

Mwezi Aprili 1949 Buganda ililipuka. Umoja wa Wakulima Waafrika wa Uganda ulioongozwa na Ignatius Musazi, pamoja na chama cha Bataka, walidai mambo ambayo mkulima wa Busoga angeyatia sahihi macho yakiwa yamefumba: tuuze pamba yetu wenyewe, tuichambue wenyewe, tuchague machifu wetu. Nyumba za machifu zilichomwa. Gavana John Hall akavipiga marufuku vyama vyote viwili.

Musazi hakuacha. Tarehe 2 Machi 1952 yeye na wenzake walianzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza kilichosema wazi kwamba kinataka serikali ya Waafrika kwa nchi nzima, na kikatumia njia zilezile za wakulima kufika nje ya Buganda. Kutoka kwenye umoja wa wakulima hadi chama cha uhuru ilikuwa hatua moja, na mtu aliyeipiga ni yuleyule. Hapo ndipo nilipomwambia binti yangu wa dawati la nyuma aweke alama kwenye daftari.

Malkia na taa za mafuta

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, Jinja. Lilikuwa jambo kubwa kwelikweli. Maporomoko ya Ripon yalizama, mto Nile ukafungwa, na Jinja ikawa mji wa viwanda: nguo, kuyeyusha shaba ya Kilembe, na mengine yaliyofuata. Vijana wa Busoga walipata kazi za mshahara, nami sitawanyima Waingereza sifa hiyo.

Lakini siku ile Kabaka Mutesa wa Pili alikuwa uhamishoni Uingereza. Gavana Andrew Cohen alikuwa amemfukuza nchini tarehe 30 Novemba 1953, baada ya waziri mmoja London kutamka maneno yaliyowafanya watu waamini kuwa Uganda itaunganishwa na Kenya ya walowezi. Hofu ile haikuwa ya Baganda peke yao. Busoga na Bugisu walikuwa wakisikia kila wiki, kutoka kwa madereva na ndugu zao ng'ambo, kilichokuwa kikitokea Kenya chini ya hali ya hatari. Hakuna aliyetaka kuunganishwa na hilo.

Na umeme? Mkataba uliofikiwa mwaka 1955 uliuza sehemu ya umeme wa Jinja kwa Kenya, na nguzo zikasimamishwa kuelekea Tororo na kuvuka mpaka. Vijiji vya kando ya mto vilibaki na taa za mafuta. Hapa Budondo watu waliziona nyaya kwa miaka mingi kabla hawajaona balbu. Maporomoko yetu ya Bujagali nayo yalikuja kuzama, na bwawa lake likafunguliwa mwaka 2012, chini ya serikali yetu wenyewe. Hilo ni la makala nyingine.

Kahawa ya Mlima Elgon

Cohen, gavana yuleyule aliyemfukuza Kabaka, ndiye aliyelegeza sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1952 na kufungua njia ya wakulima kumiliki majineri. Wengine humwona kama mtu wa sura mbili. Mimi naona aliona maji yanajaa akachimba mfereji.

Mwaka 1954 ulizaliwa mjini Mbale Bugisu Co-operative Union, BCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa ya arabika. Ukitaka kujua watu wa Mlima Elgon walisomea wapi siasa, walisomea hapo. Katika mikutano ya vyama vya msingi, mkulima asiyekuwa na kiti katika baraza lolote alijifunza kuhoji hesabu, kupiga kura, kumng'oa mwenyekiti. Alijifunza pia kwamba bei haiangukii kutoka mbinguni: kuna mtu ameiamua.

Serikali haikufurahia somo hilo. BCU ilipozidi kudai kuamua bei na kuendesha mambo yake bila maofisa juu ya bega, mvutano ukawa mkali, na mwaka 1958 serikali iliunda tume ya kuichunguza. Kulikuwa na matatizo ya kweli ya usimamizi, wazee wa Mbale hawakatai. Lakini mkulima alichosikia ni kwamba chombo cha kwanza alichokijenga kwa mikono yake kinachunguzwa na walewale waliokuwa na funguo za mifuko.

Januari 1960

Sasa nafika mahali ambapo vitabu vyangu vya uhamishoni havikufika kabisa.

Miaka ya 1950 serikali ilileta kodi ya viwango. Badala ya kila mwanamume kulipa sawa, kila mmoja alikadiriwa kwa mali yake: ng'ombe, mashamba ya pamba, migomba, baiskeli, duka. Kwenye karatasi ilikuwa kodi ya haki kuliko ya zamani. Tatizo lilikuwa mkadiriaji. Makadirio yalipitia kwa chifu na kamati yake, na kila kijiji kilimjua mtu mwenye ng'ombe 20 aliyeandikiwa watano, na mwenye watano aliyeandikiwa kumi kwa sababu alimjibu chifu vibaya kwenye msiba.

Mwezi Januari 1960 Bukedi iliwaka moto. Makundi ya watu yaliandamana hadi makao ya magombolola na masaza wakitaka kodi ishushwe. Nyumba za machifu zilichomwa, mali zao zikaharibiwa. Ghasia zikapanda hadi Bugisu. Polisi walifyatua risasi na watu walikufa. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na yaliyotajwa hayakumshangaza mtu wa vijijini: kodi, upendeleo, machifu waliowekwa bila ridhaa ya watu.

Nilimwambia binti yule: hapa tulipigana. Hatukuwa na msitu wala jemadari, na hakuna sanamu iliyosimamishwa. Wakulima walikwenda kwenye ofisi yenye daftari la kodi na wengine hawakurudi.

Akaniuliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza. "Mwalimu, mbona walichoma nyumba za Waafrika?"

Sikutaka kumpa jibu rahisi. Machifu wale walikuwa majirani, wazazi wa watu, wengine waumini wa kanisa moja na waliowachomea. Mwingereza alitawala kwa mkono wa jirani, na moto hushika paa lililo karibu. Hata hivyo, baada ya Januari ile haikuwezekana tena kumwambia mtu yeyote London kwamba kelele za uhuru ni za wasomi wachache wa Kampala. Wilaya tulivu za wakulima, zisizo na Kabaka wala magazeti, zilikuwa zimekataa kutawalika.

Miezi miwili baadaye, Machi 1960, kundi la Uganda National Congress lililoongozwa na Milton Obote liliungana na Uganda People's Union, chama cha wajumbe kutoka nje ya Buganda, kikazaliwa Uganda People's Congress. Obote hakuwa mgeni kwetu: alisoma Busoga College Mwiri, juu ya kilima kinachotazama mashamba ya miwa ya Kakira, kisha akafanya kazi Kenya na kuonja siasa za huko kabla ya kurudi. Chama chake kilishika haraka huku mashariki kwa sababu mbili zilizofungwa pamoja: kilimpinga Mwingereza, na kilionekana kukataa Buganda isiwe bwana wa wote. Hiyo ya pili ilikuwa deni la Kakungulu, lililolipwa miaka 60 baadaye.

Mengine yalikwenda mbio. Uchaguzi wa Machi 1961 uliompa Benedicto Kiwanuka wa Democratic Party uongozi, mkutano wa London mwaka huohuo, uchaguzi mwingine Aprili 1962, safari hii UPC wakishirikiana na Kabaka Yekka, na bendera tarehe 9 Oktoba. Mwaka uliofuata Mutesa akawa Rais, na Wilberforce Nadiope wa Busoga akawa Makamu wake.

Lakini angalia ramani ya siku ile ya uhuru. Bugisu na Bukedi walikuwa wakigombea mji wa Mbale, kila upande ukidai ni wake. Wakashindwa kukubaliana. Katiba ya 1962 ikauandika mji huo peke yake, "eneo la Mbale", si la huyu wala la yule. Watu waliochoma daftari moja la kodi mwezi mmoja walipata uhuru wakiwa hawasemezani kuhusu mji wao.

Na kodi ile ya viwango? Uhuru haukuiondoa. Waliorudi kutoka uhamishoni baada ya 1986 waliikuta, na miaka ya 1990 wanaume wa hapa Budondo walikuwa wakilala kwenye mashamba ya miwa kukwepa msako wa alfajiri. Ilikuja kusitishwa mwaka 2005, miaka 45 baada ya Bukedi kuwaka.

Wiki iliyofuata binti yule alikuja darasani na kipande cha karatasi alichokuta kwenye sanduku la babu yake. Kilikuwa stakabadhi ya kodi ya kichwa, imekunjwa mara nne, wino umefifia. Jina lilisomeka, gombolola lilisomeka. Mwaka ulikuwa umeliwa na mchwa, na darasa zima lilikaa likibishana kama ilikuwa ya Mwingereza au ya kwetu.